Mwandikeni Spinsta

Habari ilinifikia asubuhi nikiwa na kikombe cha chai mkononi, kwenye lile kundi la simu la wakazi wa mtaa wa Dallas, hapa mjini Embu, ambamo siku nyingine hutangazwa kwamba maji yamekatika au mbwa wa mtu hajaonekana tangu jana. Mwalimu wetu, aliyeishi mtaa huu miaka mingi kabla ya kustaafu na kuhamia Gachoka, upande wa Mbeere, alikuwa amefariki hospitalini. Presha, walisema. Nikaketi. Nikalisoma tangazo lote taratibu, jina lake, shule alizofundisha, kanisa lake, mpaka nikafika mstari wa mwisho, na huo ndio ulioniinua kitini: "Marehemu hakubahatika kuolewa wala kupata watoto." Wanaonisoma hapa kila wiki wanajua mimi si mwepesi wa machozi, lakini hasira ninazo za kutosha, na siku hiyo hasira ilitangulia. Hakubahatika. Kana kwamba alipanga foleni ya sukari, ikaisha yeye akiwa karibu na dirisha. Mwanamke aliyefundisha nusu ya watu wanaojiita wasomi katika kaunti hii, aliyejinunulia shamba, akajijengea nyumba, akawasomesha watoto wa ndugu zake, anafungwa kwa neno moja la huruma lililotungwa na watu ambao mwenyewe hakuwahi kuwaomba huruma. Nilimjibu mwenyekiti wa kamati ya mazishi palepale kundini. Nilimwandikia kwamba Mwalimu alikuwa na neno lake, na neno lenyewe ni spinsta. Mmoja akaniwekea ile alama ya kicheko, kisha akaiondoa.

Nalijua neno hilo ni la Kiingereza, na najua wengi wenu mkilisikia mnaona kikongwe asiyeolewa, mwenye paka na mdomo uliokunjamana. Hata mimi ndivyo nilivyolijua, mpaka siku moja darasani. Mwalimu alitufundisha Kiingereza katika shule ya wasichana ambayo sitaitaja, na wasichana wa bweni mnawajua, wakichoka kusengenyana wao kwa wao huanza kusengenya walimu. Tulijua hana mume. Tulijua anasokota mkonge kila anapopata nafasi, kwenye baraza la walimu, kwenye benchi la uwanjani, akingoja maji yachemke. Basi asubuhi moja tuliingia darasani tukakuta neno hilo limeandikwa ubaoni kwa chaki, limejaa kutoka upande hadi upande. Aliyeliandika simjui hadi leo. Hakuna aliyethubutu kulifuta, na nadhani hakuna aliyetaka, maana sote tulikuwa na hamu ya kuona Mwalimu atafanya nini. Akaingia na kiondo chake, kile kikapu cha kufumwa, begani. Akalisoma. Akachukua kifutio, akafuta tarehe, akafuta hesabu za kipindi kilichotangulia zilizobaki pembeni, akafuta jina la kiranja wa zamu, akaliacha neno lile peke yake katikati ya ubao uliotakata.

"Aliyeandika hapa ana mwandiko mzuri," alisema. "Fungeni vitabu. Leo tunasoma neno moja tu."

Akatoa fungu la mkonge katika kiondo, akakalia meza yake ya mwalimu, akapandisha sketi mpaka juu ya goti mbele yetu sote, akalaza nyuzi mbili pajani na kuzisukuma kwa kiganja. Nyuzi zikajipinda, zikawa uzi mmoja. Mkono wake ulikuwa ukienda na kurudi huku macho yake yakitutazama sisi. Akauliza anafanya nini. Msichana mmoja wa kutoka Kiambere, ambako akina mama husokota wakitembea barabarani, akajibu kwamba anasokota. Mwalimu akauliza Waingereza wanakuitaje kusokota, tukamwambia, spin. Akauliza tena, anayesokota je, ataitwaje? Tulikuwa tumeinua macho ubaoni sote kwa pamoja, na nakumbuka joto lilivyonipanda usoni ingawa chaki haikuwa mkononi mwangu.

Akatueleza, kwa kile Kiingereza chake cha polepole ambacho nakitafsiri hapa kwa ubaya. Karne nyingi zilizopita huko Uingereza, nguo zilitoka kwenye manyoya ya kondoo, na manyoya hayageuki nguo mpaka mtu ayasokote yawe uzi. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake. Kile kipande cha mwisho cha neno, ster, alisema, kilikuwa kikibandikwa kwenye majina ya wanawake wenye kazi, wa kusokota, wa kufuma, wa kupika pombe. Karani alipoandika jina la mtu alipenda kuandika na kazi yake pembeni, huyu seremala, huyu mkulima, huyu msokotaji. Mwanamke aliyeolewa aliandikwa mke wa fulani na mambo yakaishia hapo. Yule ambaye hakuwa wa fulani aliandikwa kwa kazi yake, kwa kuwa ndiyo iliyomlisha. Miaka ikapita, wanasheria wakalizoea neno, wakaanza kuliandika mbele ya kila mwanamke asiye na mume hata kama hajawahi kugusa manyoya maishani mwake. Miaka mingine ikapita, mashine zikachukua kusokota, watu wakasahau kazi wakabaki na kukosa mume. "Ndipo wakaanza kucheka," alisema Mwalimu. "Walicheka wakiwa wamevaa nguo za uzi uleule."

Msichana mwingine, kichwa ngumu, akauliza habari ya mwanamume asiyeoa, ambaye Waingereza humwita bachela. Mwalimu akacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Bachela, alisema, alianza kama kijana aliyefuatana na askari wa farasi ili ajifunze kazi, hana bendera yake, hana watu wake, anabeba mizigo ya mwenye kujua. Mwanagenzi. Kwa hiyo ukiyarudisha maneno haya mawili nyumbani kwao utakuta mwanamke alikuwa fundi mwenye ujira na mwanamume alikuwa bado anajifunza. Leo bachela ana sherehe yake ya kuaga ujana na vyumba vya kupanga vimepewa jina lake, naye spinsta ana nini? "Kengele ikilia," akasema, "mwenye mwandiko mzuri aje anisaidie kukunja uzi." Hakuna aliyekwenda, ila tokea siku hiyo hakuna aliyeliandika tena.

Nimelibeba somo hilo miaka mingi, na kadiri ninavyoishi na maneno kwa ajili ya mkate wangu ndivyo linavyoniudhi zaidi. Wasomaji wa pwani wataniambia Kiswahili kina neno mseja, na ni kweli, liko kwenye kamusi limetulia. Lakini huku kwetu jaribu kulitamka sokoni uone kama kuna atakayegeuka. Huku watu wanasema amekaa. Amebaki. Amezeekea kwao. Angalieni vitenzi vyenyewe, vyote vya kitu kilichosahauliwa rafuni. Na huyu mwanamke ninayemwandikia hakukaa mahali hata siku moja. Alikuwa akitoka shuleni anashuka kwenda Mbeere kuangalia ndengu zake shambani, anarudi na vitabu vya kusahihisha vimefungwa pamoja na mkonge, Jumamosi yuko sokoni Gachoka na kina mama wa kufuma akibishana na wanunuzi wa vyondo wanaotoka Nairobi na bei za dharau. Mimi niliyeolewa ndiye niliyekaa. Mume wangu akisoma hapa asikasirike, anajua ninachosema.

Siku nilipofunga ndoa Mwalimu alikuwa miongoni mwa waliosimama nyuma yangu. Mchungaji alipokuwa akijaza cheti, nikaona pale panapoulizwa hali yangu ameandika lile neno la ubaoni. Mwalimu aliliona pia, akaniinamia sikioni akiwa na kofia yake ya harusi iliyokuwa ikinichoma shavuni. "Litazame vizuri," akaninong'oneza. "Ni mara ya mwisho serikali kukuita kwa kazi." Nilicheka nikiwa mbele ya madhabahu, na mama mkwe hajanisamehe.

Naye Mwalimu alikuwa amekuja hata kwenye itega yangu. Kwa wasioijua, itega ni siku ambayo wanawake humpelekea bibi harusi vitu vya kuanzia maisha, sufuria, blanketi, jiko, vikombe, kuku, gunia la ndengu, kwa sababu anatoka kwa baba yake na kwenda kwake. Wanaume hawana kazi pale, isipokuwa wa kuchinja. Ukipeleka kwa wenzako, nao watakuletea zamu yako ikifika, hivyo ndivyo tunavyojengana. Mwalimu alipeleka kwa kila mtu. Alipeleka kwa wanafunzi wake, kwa binti za wanafunzi wake, kwa walimu wenzake, kwa kina mama wa kufuma. Sufuria yake kwangu bado napikia githeri, na mfuniko wake haujalegea. Zamu yake haikufika, na hakuna aliyelifikiria jambo hilo, mimi nikiwemo, kwa sababu tulishazoea kuona mkono wake ukitoa.

Alipostaafu akajenga nyumba katika lile shamba lake la Gachoka, karibu na lami, shamba alilolinunua kwa mshahara wake wa ualimu. Nyumba si kubwa, ila ina baraza pana lililojengwa kwa makusudi, wanawake waketi wanyooshe miguu na kusokota mvua isiwaguse. Kisha tukapokea mwaliko kwa simu. "Njooni mniletee itega yangu. Bwana harusi msimwulizie, hayupo." Dallas ilichemka. Wengine wakasema amechanganyikiwa kwa upweke, wengine wakasema ni njia ya kizungu ya kuchangisha. Mimi nilinunua blanketi nzito kuliko zote nilizoziona dukani nikaenda, na sikuenda peke yangu. Wanawake walikuja wakiwa wamebeba mizigo kama inavyopaswa, wakaimba langoni mpaka wakafunguliwa kama inavyopaswa, wakacheza mpaka vumbi la Mbeere likawafika magotini. Bibi harusi mwenye mvi alitoka akiwa amevaa leso mbili na viatu vya shuleni.

Kaka yake mkubwa naye alikuja. Nadhani alisikia kelele za watu akaja kuona dada yake anaitia aibu gani familia. Ni mzee mrefu, mwenye kofia ambayo haitoki kichwani hata kanisani, na alipofika akasimama langoni amekunja uso. Mwalimu alimletea kiti. Akamletea nyama, ile sehemu ya mbuzi apewayo mkubwa wa nyumba. Mzee akala, uso ukaanza kukunjuka, akaanza hata kutikisa mguu kwa nyimbo. Ndipo Mwalimu alipomjia na kibuyu cha uji wa mtama akasimama mbele yake, wanawake wakasogea wasikie.

"Kaka," alisema, "siku ya posa msichana huitwa mbele ya wazee akaulizwa kama wanywe. Akikubali wanywe, ameondoka kwa baba yake. Mimi sikuulizwa na mtu. Baba hayupo tena, wewe ndiye umesimama pahali pake, kwa hivyo leo nakuuliza mimi. Ukikunywa huu uji, nimetoka kwetu na baraka, na hapa ndiyo boma yangu. Utakunywa ama hutakunywa?"

Mzee alitutazama. Alitazama zile sufuria zilizopangwa barazani, akamtazama dada yake, akaanza kucheka, kile kicheko cha mtu aliyeshikwa mkono wa kulia na wa kushoto. Akapokea kibuyu akanywa mpaka mwisho, akajifuta kwa nyuma ya mkono. "Nenda," akasema. "Hata ulichelewa." Vigelegele vilisikika mpaka kituo cha magari. Na Mwalimu, bila kungoja vitulie, akatugeukia akasema kwa sauti ya darasani kwamba tumesikia, na kwamba siku akifa tunajua boma lake ni lipi. Tulicheka pia. Nani hufikiria kifo akiwa na sahani ya nyama mkononi.

Sasa mnaelewa nilikwenda kwenye kikao cha mazishi nikiwa na nini moyoni. Kikao kilifanyika ukumbi wa kanisa hapa mjini. Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, mtu mpole anayependa mambo yaishe kabla ya saa ya chai, alifungua kwa sala na kusema familia imeshaamua pahali pa kumlaza. Kaka yake akasimama, kofia kichwani. "Huyu ni msichana ya kwetu," alisema. "Hakuwa na bwana, hakuwa na mtoto. Arudi kwa baba yake. Vijana wameshaonyeshwa pahali pa kuchimba, kando ya ua." Akaketi. Nyuma yake walikaa wanawe, na sitasema walikuwa na sura gani, ila kila mtu mle ndani alijua kilichokuwa kikizungumzwa. Kwetu kaburi ndilo hati ambayo hakuna anayebishana nayo. Pale ulipolazwa ndipo palipo pako, na akilazwa kando ya ua wa baba yake kama msichana aliyebaki, basi lile shamba la karibu na lami linakuwa la msichana aliyebaki, na mali ya msichana aliyebaki hurudi kwa kaka. Baraza lile pana lingekuwa duka la mbolea kabla ya msimu wa ndengu kuisha. Wanawake wanaofuma pale wangerudi kufumia kando ya barabara.

Niliinua mkono. Mwenyekiti akanitazama kwa uchovu, nadhani kwa ajili ya ule ujumbe wa simu, akasema tuwape nafasi wa familia kwanza. Sikuushusha. Lakini kabla sijafungua mdomo alikuwa amesimama mama mmoja wa kufuma kutoka Gachoka, ambaye huuza vyondo vya kina mama wote wa kikundi chao sokoni na kwa hiyo amezoea kusema na watu wasiotaka kusikia. Alikuwa na kiondo mkononi, nusu kimefumwa, na hakuacha kufuma alipokuwa akisema.

"Mzee, heshima yako iko," alisema. "Mimi nataka kuuliza kitu moja tu. Siku ile ya itega, ulikunywa ama hukunywa?"

Mzee alisema ile ilikuwa mchezo.

"Mchezo?" alisema mama. Akaacha kufuma. "Mimi nilibeba sufuria mbili kutoka soko mpaka kwake na mguu. Hii mguu yangu unaona. Itega hupelekewa mtu anaenda kwake, hakuna mahali nimewahi sikia itega ya kurudi kwa baba. Kama ilikuwa mchezo, sawa, tumekubali. Turudishiwe vyombo."

"Na mimi jiko yangu," alisema mwingine kutoka nyuma.

"Blanketi yangu," nikasema mimi, kwa kuwa sikuona kwa nini nibaki.

Na ukumbi ukaanza. Kikombe, mwiko, ndoo, kuku wawili na wote walikuwa wa mayai. Wanawake walikuwa wakisimama bila kupewa nafasi, na kila aliyesimama alitaja alichopeleka na kuketi, bila kutukana wala kupiga kelele. Mwenyekiti aligongagonga meza mpaka akachoka akaegemea kiti. Kuna mwalimu mwenza wa marehemu aliyesema kwa utulivu kwamba alileta kitanda, na kwamba kitanda hakipelekwi kwa msichana wa kwa baba, hupelekwa kwa mwenye nyumba. Mzee alikuwa akitazama sakafu wakati wote huo. Mmoja wa wanawe akamwinamia kumwambia jambo, naye akamsukuma kwa kiwiko bila kumwangalia. Nilidhani atatoka nje, na angetoka sijui tungemfanya nini, kwa sababu kisheria sijui, na kidesturi hakuna chifu angependa kuamua ugomvi wa kibuyu cha uji. Alikuwa na uwezo wa kusema hapana. Hilo lieleweke, maana ndilo linalonifanya nimtaje hapa kwa heshima.

Akavua kofia. Tangu nimjue sikuwahi kuona kichwa cha mzee huyo.

"Nilikunywa," alisema. "Mchimbe kule."

Hakuna aliyepiga vigelegele, haikuwa saa yake. Mama wa Gachoka aliketi akaendelea kufuma, akakosea hata akalazimika kufumua mstari mzima. Mwenyekiti, ambaye sasa alitamani chai kuliko kitu chochote, akauliza basi katika ule wasifu wa marehemu tuandike vipi, kwa sababu karatasi zinakwenda kuchapwa kesho na pale pa mke wa fulani, mama wa fulani, pako wazi. Akapendekeza turudie ile ya kutobahatika. Nikamwambia aifute. Akauliza tuweke nini. Nikamwambia alishaambiwa kwa simu. "Tuandike spinsta kwa mazishi?" aliuliza, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeombwa aandike tusi kanisani. Nikaanza kueleza habari ya manyoya ya kondoo, nikajiona ninavyochosha watu, nikafupisha. Nikasema lilikuwa jina la wanawake walioishi kwa kazi ya mikono yao, na yeye aliishi hivyo, na alilipenda tangu siku ile ya ubao. Mzee akauliza, akiwa bado na kofia mapajani, kama kweli dada yake mwenyewe alilitaka. Wanafunzi wake waliokuwa mle ukumbini wakajibu kabla yangu kwamba alilitaka, wengi wao wakiwa na watoto wakubwa sasa, na wote wakijua nilikuwa nasema ubao upi. "Basi mwandikeni," akasema.

Tulimzika Gachoka, mbele ya baraza lake. Mshereheshaji alikuwa kijana wa kukodi ambaye hakuwa amesoma karatasi yake, na ilipofika zamu ya mashada ya maua akaita kama alivyozoea, mume wa marehemu apite mbele. Hakupita mtu. Akapekua karatasi. Akaita watoto wa marehemu. Hapo mama wa Gachoka alipita mbele bila kuitwa, na nyuma yake wenzake wote wa kufuma, na nyuma yao sisi wa ubaoni, foleni ikazunguka nyumba. Mwenyekiti alikuwa ameleta kiondo ambacho Mwalimu alikuwa hajakimaliza, nyuzi zikining'inia, akataka kiwekwe juu ya jeneza. Mama akamnyang'anya kwa adabu. "Hiki kimeagizwa na mtu," alisema. "Tutamalizia." Akakitia kwapani, akachota udongo akautupa.

Naandika haya nikijua wiki hii nitapata barua pepe za kuniambia nahubiri wasichana wasiolewe. Sihubiri hivyo. Nimeolewa, nimeridhika siku nyingi kuliko nisizoridhika, na binti yangu akitaka harusi nitabeba sufuria kichwani. Ninachokataa ni hii tabia ya kumpima mwanamke kwa alichokosa huku alichofanya kimejaa uwanja mzima mbele ya macho yetu. Tunawaandika marehemu wetu mke wa, mama wa, dada wa, na hakuna ubaya, ni upendo huo. Lakini mtu akiwa hana wa kuunganishwa naye, kalamu zetu zinaishiwa wino, tunaomba msaada kwa bahati. Muulizeni alikuwa akifanya nini. Andikeni hilo. Na neno lililochukuliwa kutoka kwa wenye kazi likageuzwa dhihaka, mwenye kazi ana haki ya kwenda kulichukua, alipanguse vumbi, alivae hadharani kama Mwalimu alivyopandisha sketi yake mbele ya darasa. Msalaba wake umeandikwa jina, na chini ya jina, Mwalimu, na chini yake neno lile. Fundi aliuliza mara mbili kama tuna hakika. Atakayepita njia ile akacheka, na acheke, kina mama wako palepale barazani wamenyoosha miguu, watamweleza.

Nilirudi Dallas jioni viatu vikiwa vyekundu kwa udongo. Mume wangu alikuwa ameweka maji ya chai. Akanipokea kiondo, akaniuliza kama mwishowe walimpeleka kwao.

"Hapana," nikamwambia. "Tumemzika kwake."